Asilimia Mia ya Bi Desimali

Kwa miaka sita nilifundisha Kiswahili katika shule ndogo ya sekondari ya serikali, na meza yangu katika chumba cha walimu ilitazamana na mlango wa karani. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliyasikia kupitia ukuta, maana ulikuwa wa mbao nyembamba, hata mtu akipiga chafya upande wa pili unamwambia afya.

Karani mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na kalamu mbili kichwani, moja kila upande, zimechomekwa kwenye nywele. Aliletwa shuleni kushika nafasi ya mpiga chapa aliyekuwa amekwenda likizo ya uzazi. Miezi mitatu tu, wakamwambia. Yule mtoto aliyezaliwa wakati wa likizo ile alikua, akasoma hapo hapo kwetu, akamaliza, akaoa, na karani bado alikuwa wa muda.

Jina lake hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bi Desimali. Alilipata katika mkutano wa wazazi, siku ambayo mwalimu mkuu aliyekuwepo enzi hizo alisimama na kusema kwa sauti ya kujiamini, "Ndugu wazazi, karibu nusu ya wanafunzi wetu ni wasichana." Karani, aliyekuwa nyuma akigawa karatasi, akaita, "Si nusu, Mkuu! Ni asilimia hamsini na nane nukta tatu!" Wazazi wakacheka mpaka viti vikalia. Toka siku hiyo jina likamganda, naye wala halikumkera. Akipokea simu alikuwa akisema, "Ofisi ya shule, Desimali anaongea."

Shule ilikuwa na wanafunzi mia moja na kumi na nane. Shule za watu zina mia tisa, elfu moja, zina mabasi na bendi. Sisi tulikuwa na madarasa manne, chumba kimoja kilichoitwa maabara siku za wageni na stoo siku nyingine, na kengele ambayo kwa kweli ilikuwa rimu ya gurudumu la lori. Kila mwaka ofisi ya elimu ilituletea fomu ya kurasa tisa: wanafunzi wangapi, wa kike wangapi, wa kiume wangapi, wazazi wao wanafanya kazi gani, wamefaulu wangapi, wameanguka wangapi. Walimu wakuu wengine fomu hiyo waliijaza kwa kukisia huku wanakunywa chai. Bi Desimali aliijaza wiki mbili nzima, na katika wiki hizo hata panya wa ofisini walitembea kwa adabu.

Aliwajua wanafunzi wote. Wasichana sabini na mmoja, wavulana arobaini na saba. Wavulana walikuwa wachache kwa sababu jirani yetu lilikuwa likijengwa soko jipya, na mvulana akishafikisha kimo cha kubeba ndoo ya zege, shule inamwona kwa msimu. Watoto wa walinzi walikuwa kumi na wanane, wa wasusi kumi na mmoja, wa mafundi ujenzi ishirini na wawili. Kulikuwa na mapacha jozi tatu, jambo ambalo Mwalimu Mkuu aliagiza liandikwe kwenye kisanduku cha "Mafanikio ya Pekee ya Shule", kwa kuwa mwaka huo kisanduku kilikuwa kitupu. Tena kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne mwenye ndevu za kushiba, aliyerudi masomoni baada ya miaka mingi ya kuendesha mashine ya kukoboa nafaka. Tulimwita Mjomba. Mkaguzi mmoja aliwahi kumsalimia "Shikamoo, Mkuu," na Mjomba, kwa kutotaka kumwaibisha mgeni, akaitikia.

Mumewe Bi Desimali alikuwa fundi cherehani, na sare zetu zote alishona yeye. Hata mkewe alimwita Fundi.

"Wewe unawajua kwa tarakimu," Fundi alipenda kumtania, "mimi nawajua kwa viuno. Mwaka huu kidato cha pili wamekonda. Kaandike hilo kwenye fomu yako."

"Hakuna safu ya viuno, Fundi."

"Basi fomu yenyewe haijakamilika."

Na siku moja, nasema kweli, aliliandika pembeni kwa penseli: kidato cha pili wamekonda. Ofisi ya elimu haikujibu. Haikuwa na desturi ya kujibu.

Sasa tuje kwenye Kemia. Mwalimu wa Kemia alikuwa mzee mpole, mikono yake ina madoa ya kahawia, wanafunzi wakimwita Asidi ingawa hajawahi kumpandishia mtu sauti. Asidi alifundisha Kemia kama mtu anavyofundisha kuogelea kwenye jangwa. Kemikali hazikuwepo. Alichora chupa ubaoni, akachora moshi, kisha akawaambia wanafunzi, "Hapa sasa rangi imegeuka kuwa buluu, andikeni." Nao wakaandika. Aliandika barua ofisi ya elimu kuomba kemikali. Bi Desimali akaichapa, akaipeleka mwenyewe, akarudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hakikuja kitu. Wakaandika nyingine. Katika miaka mitatu waliandika barua saba.

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulipokaribia, Asidi alikusanya vilivyobaki stooni, akapima kwa mizani ya kupimia barua, halafu akawaita wanafunzi wanane waliokuwa wanaichukua Kemia.

"Wanangu," akasema, "kwa mtihani wa vitendo nina kemikali za mtu mmoja. Na huyo mmoja asimwage."

Mjomba, aliyekuwa kaja kuchukua ndoo tu, maana Kemia aliiacha zamani, akasema, "Mpeni Miwani. Sisi wengine hata uji tunamwaga."

Wote wakacheka, na kicheko kikawa ndiyo kura yenyewe. Miwani alikuwa binti wa mwosha magari, mfupi, miwani yake mguu mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu wa Fundi. Msichana yule alikuwa akimsahihisha Asidi ubaoni, na Asidi akimshukuru. Wale saba wakahamishiwa somo la Kilimo. Siku ya kufanya mabadiliko kwenye fomu za usajili, Bi Desimali alikosea mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yanamlowa, na mimi nikajifanya natafuta chaki.

Matokeo yalipotoka, kati ya watahiniwa ishirini na watatu walifaulu tisa. Kwa jumla tulikuwa wa arobaini na moja kati ya shule hamsini na mbili, nafasi tuliyoizoea kama kiti chetu cha kila siku. Miwani alipata alama A ya Kemia. Asidi aliingia chumba cha walimu, akakaa, akavua viatu, akavivaa tena. Hatukumwuliza. Kila mtu ana namna yake ya kufurahi.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Barua kutoka ofisi ya elimu! Mwalimu Mkuu aliifungua akiwa amesimama, akaisoma, akakaa, akaisoma tena. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyekosea fani. Angekuwa mtangazaji wa mpira. Akatuita wote.

"Ofisi ya elimu inawapongeza," akasoma, "kwa kushika nafasi ya kwanza kati ya shule hamsini na mbili katika somo la Kemia, kwa ufaulu wa asilimia mia moja na wastani wa alama A. Aidha, wakuu wa shule kumi na mbili, wakiongozwa na Afisa Elimu mwenyewe, watafika shuleni kwenu Alhamisi ijayo kujifunza mbinu mlizotumia."

Asidi akasema taratibu, "Lakini Mkuu, si alikuwa mmoja?"

"Asilimia mia ni asilimia mia!" Mkuu akajibu, na kutoka saa hiyo akavimba kichwa. Alibadili hata mwendo. Akiitwa kwenye simu anasema, "Subirini kidogo, niko na mambo ya Kemia."

Jioni ile, kabla hatujafunga, nilimsikia kupitia ukuta.

"Bi Karani, ile ripoti ya wageni ina safu ya waliofanya mtihani. Iondoe."

"Niiondoe vipi, Mkuu? Bila hiyo asilimia haina miguu."

"Sikwambii udanganye. Nakwambia usiseme. Ni vitu viwili tofauti."

"Na wakiuliza?"

"Wakiuliza sema 'takriban wote'. Neno zuri, takriban. Halimuumizi mtu."

Bi Desimali akaongea, na sauti yake haikuwa ile ya simu.

"Mkuu, mimi niliacha shule kidato cha pili. Baba aliumia mgongo, nikaenda kuuza dukani kwa shangazi. Mwisho wa mwaka shule ikatoa taarifa kwenye ubao, nikapita kuisoma. Ilisema, 'Takriban wanafunzi wote wameendelea na masomo.' Nilisimama pale na mkoba wangu wa sokoni nikajitafuta. Sikujiona kwenye wote. Mimi ndiye nilikuwa takriban."

Mkuu akakohoa. Alikuwa na majivuno, lakini hakuwa na roho mbaya, na nadhani maneno yale yalimgusa. Hata hivyo wageni kumi na watatu walikuwa njiani, na mtu aliyekuwa wa arobaini na moja maisha yake yote hapewi nafasi ya kwanza akairudisha hivi hivi.

"Nimekuelewa, dada yangu," akasema. "Iondoe."

Akaiondoa. Lakini faili lenyewe, lile nene la bluu la kumbukumbu zake, hakuna aliyemwambia aliguse.

Siku nne zilizofuata shule iligeuka kiwanda cha Kemia. Mafagio na madebe ya rangi yalihamishwa kutoka maabara yakarundikwa chumba cha walimu, na mimi nikawa nasahihisha insha katikati ya madebe. Chupa tupu zikajazwa maji ya rangi: soda nyekundu, soda ya machungwa, na chai ya rangi iliyokolea, ambayo Mkuu aliibandika karatasi yenye neno HATARI. Mpishi wa shule akaonja ile ya machungwa, akasema hatari ni kwamba imechacha.

Yalitakiwa pia makoti meupe manane. Mkuu akamwendea Fundi.

"Siku ngapi?" Fundi akauliza.

"Mbili."

"Kitambaa cheupe kiko wapi?"

Kitambaa hakikuwepo. Fundi akachukua mashuka. Makoti saba yakatoka safi kabisa, la nane mashuka yakamwishia, akalazimika kutumia lile la maua ya waridi, maua yakakaa kwa ndani. Ukitembea nalo taratibu huwezi kujua. Alipewa Mjomba, kwa kuwa ndilo lililokuwa kubwa.

Asidi peke yake alikataa kuingia mchezoni. "Nitawafundisha usalama wa maabara," akasema. "Hilo halihitaji kemikali. Kwetu kuko salama kupita kiasi."

Alhamisi saa nne wageni wakashuka kwenye basi. Mbele Afisa Elimu, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na tabia ya kutazama saa yake kila anapoambiwa jambo. Nyuma yake wakuu wa shule kumi na wawili, na miongoni mwao mama mmoja mkubwa wa mwili, mkuu wa shule ya wanafunzi mia tisa, amebeba daftari jipya na kalamu ya akiba. Huyu alikuwa amekuja kujifunza kweli. Aliandika mpaka maandishi ya mlangoni.

Mwalimu Mkuu akawakaribisha kwa hotuba. Alisema mafanikio yetu yana siri tatu: nidhamu, ushirikiano na maono. Yule mama akaandika zote tatu, akapiga mstari chini ya maono. Kisha tukaenda maabara. Wanafunzi wanane wa kidato cha tatu na cha nne walikuwa wamesimama na makoti yao mbele ya chupa za soda, Asidi ubaoni akieleza umuhimu wa kufunga kamba za viatu. (Mjomba alikuwa ameanguka mtihani na kurudia darasa, aliposimama na koti lile alionekana profesa.)

Yule mama akamwendea moja kwa moja, akampa mkono.

"Mwalimu, hongera sana. Niambie, unaanzaje kuwaingiza watoto kwenye Kemia?"

Mjomba akamwangalia kwa heshima. "Ahsante sana, mama. Mimi kwa kweli Kemia niliiacha kidato cha pili."

Mama akaanza kuandika, kisha kalamu ikasita.

Na hapo, katika kumpisha apite, Mjomba akageuka haraka na koti likafunguka. Maua ya waridi yakaonekana yote. Mkuu mmoja wa shule akajifanya anakohoa. Mwalimu Mkuu akadakia, "Hiyo ni, ee, mbinu ya kutofautisha viongozi wa makundi," na jasho jembamba likaanza kumshuka.

Lakini yule mama alikwisha kukaa chonjo.

"Mwalimu Mkuu, samahani. Watahiniwa wenu wa Kemia walikuwa wangapi?"

"Walifaulu wote, mama."

"Wote ni wangapi?"

"Hakuna aliyebaki nyuma hata mmoja."

"Nimefurahi. Walikuwa wangapi?"

"Kwa kweli, ukiangalia kwa maono mapana..."

Afisa Elimu akatazama saa. "Si mna karani? Aitwe na kumbukumbu zake tumalize."

Akaitwa. Bi Desimali akaingia na faili la bluu kifuani, kalamu zake mbili kichwani. Mwalimu Mkuu akamkazia macho, macho yale yakasema takriban, takriban, takriban. Baadaye karani aliniambia kwamba alichokiona mbele yake si Afisa wala Mkuu, bali meza yake ya ofisini ikiwa na mtu mwingine. Akapiga moyo konde.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja alianguka?" Afisa akauliza.

"Hapana, Bwana Afisa. Mmoja alifanya."

 Ile soda ya machungwa ikasikika ikitoa povu. Kisha mkuu mmoja wa shule, mzee wa nyuma kabisa, akafyatuka kicheko, na wenzake wakamfuata mpaka mmoja akashikilia meza na chupa ya HATARI ikaanguka. Watu wakaruka nyuma. Mpishi, aliyekuwa dirishani, akapaza sauti, "Msiogope, ni chai!"

Mwalimu Mkuu akakaa kwenye ndoo.

Afisa hakucheka. "Mmeidanganya ofisi yangu," akasema. "Nani aliripoti asilimia mia bila kueleza?"

"Tulieleza," Bi Desimali akajibu, na sasa sauti ilikuwa imemrudia. Akafungua faili. "Fomu yetu hii hapa, ukurasa wa sita, safu ya tatu. Waliofanya, moja. Waliofaulu, moja. Na huu hapa chini ni muhuri wa ofisi yako."

Afisa akatazama muhuri. Akatazama saa.

"Lakini kwa nini mmoja?" yule mama akauliza. Hakuwa anacheka tena. "Shule ya wanafunzi mia moja na kitu, Kemia mmoja?"

"Walikuwa wanane, mama. Kemikali zilitosha mmoja." Akafunua tena faili. "Tuliomba. Hii ni barua ya kwanza. Hii ya pili. Kwenye ya tatu tuliomba hata nusu yake. Ya nne tuliuliza kama tatu za kwanza zilifika. Ya tano mwalimu wetu alikuwa mgonjwa, niliiandika mwenyewe, mnisamehe lugha. Ya sita. Ya saba ni ya Februari. Zote zina muhuri."

Alizisoma moja moja, tarehe na yote, kwa sauti ileile ya kusomea majina ya wanafunzi. Alipofika ya tano, ambayo ilisema, "Tunaomba walau tuione hiyo buluu kwa macho," hakuna aliyekuwa anacheka. Asidi alikuwa ameugeukia ubao, anafuta mahali palipokuwa safi.

Uso wa Afisa ulimshuka. Akachukua zile barua, akazipanga vizuri, akazirudisha. "Nitafuatilia," akasema, wakapanda basi. Yule mama akabaki nyuma kidogo, akamshika Bi Desimali mkono. "Shule yangu ina watahiniwa wa Kemia mia moja na arobaini," akamwambia. "Mimi mwenyewe siwajui kwa majina hata kumi." Akarudisha daftari mkobani, akapanda.

Bi Desimali alirudi ofisini, akaanza kufungasha droo zake: kikombe, kanga ya kujifunika siku za baridi, picha ya harusi, vifutio. Nikamwambia asubiri. Akaniambia, "Mwalimu, mimi hapa ni wa muda. Wa muda hufukuzwa kwa kupungiwa mkono tu."

Nyumbani alimsimulia Fundi kila kitu, na Fundi aliposikia ya maua ya waridi alicheka hadi akajichoma sindano. "Lile shuka lilikuwa letu," akasema. "La harusi. Sikutaka kukwambia." Kwa hilo, Bi Desimali aliniambia, alimkasirikia zaidi kuliko alivyomwogopa Afisa, na hasira ile ikamsaidia kulala.

Mkuu hakusema naye siku tatu. Siku ya nne aliingia na vikombe viwili vya chai, akamwekea kimoja mezani.

"Ungeweza kusema kwa upole kidogo," akalalamika.

"Nilisema neno moja tu, Mkuu."

"Ndiyo. Lakini lilikuwa refu."

Wakanywa. Barua ya kumfukuza haikuja. Baada ya wiki tano likaja lori. Likashusha maboksi kumi na tisa: kemikali, neli za kioo, mizani ya kweli, hata kabati la kufungia. Asidi alifungua la kwanza kwa kisu cha mpishi, akatoa chupa moja, akainua juu kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayemwangalia mjukuu. Alasiri ileile akawaita wanafunzi wote wa Kemia, akachanganya hiki na kile, na rangi ikageuka kuwa buluu. Darasa likapiga kelele hadi walimu wa masomo mengine wakaja mbio wakidhani moto. Mwalimu Mkuu alitangaza kwenye mstari kesho yake kwamba maabara hiyo ni matunda ya mkakati wake wa muda mrefu. Bi Desimali, aliyekuwa nyuma, akafungua mdomo, akaufunga. Mambo mengine alikuwa radhi kuyaacha bila hesabu.

Miwani alikuwa ameshakwenda chuo cha madawa. Alikuja likizo kusaidia Asidi kupanga kabati, na alipokuta kila chupa iko tele alikaa chini kwenye boksi tupu akasema, "Mngenisubiri kidogo." Hakusema kwa uchungu, lakini Asidi alimpa funguo za kabati aziweke mfukoni siku nzima.

Mwaka uliofuata waliofanya Kemia walikuwa kumi na mmoja, wavulana wanne na wasichana saba. Walifaulu sita. Mjomba, aliyerudi kwenye Kemia kwa sababu, alidai, watu walikwisha kumpongeza na haikufaa kuwaangusha, alipata D, akaenda kunyoa ndevu kwa furaha, tukampita barabarani bila kumtambua. Asilimia hamsini na nne nukta tano. Kutoka nafasi ya kwanza tukaporomoka hadi ya ishirini na tisa.

Haukupita mwezi, ofisi ya elimu ikaleta fomu mpya, ya rangi ya njano, kwa shule zilizoshuka sana. Ilikuwa na swali moja na mistari miwili ya kujibia: Eleza sababu za kuporomoka kwa ufaulu wa Kemia na hatua zilizochukuliwa.

Mwalimu Mkuu aliitazama, akanyoosha mkono kumpa karani. "Jaza wewe," akasema. "Na safari hii, weka safu zote."

Bi Desimali akachomoa kalamu ya upande wa kulia. Aliandika: "Mwaka jana alifaulu mwanafunzi mmoja. Mwaka huu wamefaulu sita. Hatua tuliyochukua ni kuwafundisha." Nafasi ikabaki kidogo mwisho wa mstari, akaongeza kwamba chupa mbili za asidi zilifika zimepasuka, tafadhali zibadilishwe. Kisha akapiga muhuri, akatoa nakala, akachukua mwavuli wake kwa kuwa nje kulikuwa kumeanza kunyesha, akaipeleka mwenyewe.